Jina la Kubandika Kwenye Kopo

Kopo moja lilipotelea njiani kati ya Garissa na Nairobi. Lisingepotea, labda ningefundisha mjini hapa miaka yangu yote na kumjua jirani yangu kwa salamu tu.

Kwetu ni Tharaka. Nililetwa Garissa kufundisha Kiswahili katika shule ya wasichana, nikamwacha mume wangu nyumbani, watoto wakiwa shule za bweni. Wenzangu wengi tuliotoka upande mmoja waliishi pamoja kwenye nyumba za walimu, nyuma ya geti lenye askari. Watu wa hapa husema tumetoka "Kenya", kana kwamba daraja la Tana ndilo mpaka. Mimi nilichelewa kufika, nikakuta nyumba hizo zimejaa, nikapanga vyumba viwili katika ua mmoja mjini. Upande wa pili wa ua aliishi mwenye nyumba, mjane wa makamo, pamoja na mama yake mzazi ambaye kila mtu alimwita ayeyo, yaani nyanya. Mwenye nyumba nilimwita abayo, dada, kwa kuwa ndivyo alivyoniita siku aliponikabidhi ufunguo.

Kwa muda mrefu ujirani wetu ulikuwa wa sahani. Ramadhani ikiingia aliniletea sambusa, nami sahani sikuirudisha tupu. Krismasi nikampelekea chapati, akairudisha sahani na tende. Tulizungumza Kiswahili chake cha sokoni, ambamo pilau ilikuwa bilau na viatu vilikuwa fiatu, na ngeli zote zilikuwa moja. Darasani ningesahihisha. Uani sikuthubutu, maana Kisomali changu kilikuwa kibaya zaidi, na yeye hakuwahi kunicheka.

Abayo alikuwa akitengeneza nyirinyiri. Asiyeijua nimweleze: ni nyama ya ngamia iliyokatwa vipande virefu ikaanikwa, kisha ikakatwakatwa vidogo kama punje za mahindi, ikakaangwa mpaka ikauke kabisa, halafu ikazamishwa kwenye samli yenye iliki. Hukaa miezi bila friji. Wafugaji walibeba chakula hicho safarini tangu zamani, na siku hizi kinamfuata mtoto aliyepelekwa chuo. Binti yake alikuwa akisoma Nairobi, na kila mwezi kopo lilimfuata kwa basi.

Mwezi mmoja binti alifungua kopo akakuta hina. Akapiga simu akiuliza kama mama yake anamwambia aolewe. Abayo akadhani ni mzaha. Walipoelewana, walijua kwamba makopo mawili ya rangi moja yalikaa pamoja kwenye ofisi ya vifurushi, na jina aliloandika juu ya lake kwa kalamu lilikuwa limefutwa na samli iliyovuja kidogo kwenye mfuniko. Mahali fulani Eastleigh kulikuwa na bibi harusi aliyengojea hina akaletewa nyama.

Siku ya pili simu ikalia tena. Alikuwa mama wa bibi harusi, aliyepewa nambari na ofisi ya vifurushi. Nilikuwepo uani nikianua nguo, nikamwona abayo anasikiliza, anaziba mdomo kwa mtandio, kisha anacheka mpaka anakaa chini.

"Wamekula," akaniambia alipokata simu. "Yote. Wageni wamekuja, hakuna kitu imeiva, wamefungua kobo wakasema bismillahi. Sasa mama anaomba msamaha." Akafuta machozi. "Na anataka ingine. Anataka ya harusi nzima."

Hapo ndipo aliponiuliza kuhusu printa yangu. Aliijua kwa mlio wake. Nilikuwa nimeinunua ili nichape mitihani ya mazoezi, na jioni ilipokuwa inavuta karatasi, mlio ulivuka ua mpaka kwake. "Hiyo kitu yako ya kulia," alisema, "inaweza kuandika jina, ikae kwa kobo isitoke?"

Nilimwambia inaweza. Sikujua nasema nini.

Lebo zetu za kwanza nilizichapa kwenye karatasi ya kawaida na kuzibandika kwa gundi ya shule. Niliandika neno NYIRINYIRI kwa herufi nzito za buluu, nikazizungushia mstari. Zilipendeza mezani. Tulipozibandika kwenye makopo na kuyaacha jikoni kwake, samli ilipanda kutoka kwenye vidole vyetu ikaingia katika karatasi, na herufi zikaanza kutawanya buluu yake kando kando kama macho yaliyolia. Nikanunua karatasi za stika kwenye duka la vitabu. Hizo zilishika vizuri asubuhi. Saa za jua kali, gundi yake ikalainika, na lebo zikateremka polepole kwenye kopo kama soksi iliyolegea. Mwishowe tuligundua selotepu pana, ile ya kufungia katoni. Tukiikata kubwa kuliko lebo na kuibandika juu yake, ikazunguka kopo mpaka ikutane yenyewe, wino ulikuwa salama na lebo haikwenda popote. Ugunduzi huo tuliufurahia kama watu waliochimba kisima wakapata maji.

Ikawa mazoea. Nikitoka shule, kabla ya magharibi, abayo alivuka ua akaketi kando yangu mbele ya kompyuta. Stima ikiwepo tulipanga herufi. Ikipotea tulikata kwa mkasi zile tulizokwisha chapa. Nilimwonyesha namna ya kuongeza ukubwa wa herufi, namna ya kusogeza picha, na akapenda sana kusogeza. Angeweza kusogeza picha ya ngamia kutoka pembe hadi pembe muda wote tuliokaa.

Ngamia naye alileta maneno. Wa kwanza nilimtoa kwenye mtandao: amevalishwa shada na tandiko, nyuma yake ufuo wa bahari. Abayo alimtazama akauliza, "Huyu ni wa nani?" Akampigia kaka yake, aliyekuwa na mifugo kwao Ijara, na baada ya siku chache picha ikaja kwenye simu: ngamia amegeuza shingo, anatafuna, jicho moja linatutazama kwa dharau. Tulimpenda sote. Nilimkata pembeni, nikaondoa miti, nikamweka juu ya jina. Abayo akapeleka karatasi kwa mama yake aione.

Ayeyo hakuwa akiona mbali lakini karibu aliona vizuri. Aliisogeza karatasi mpaka puani. Akasema kitu kwa Kisomali, na abayo akaanza kucheka.

"Anasema huyu ni wa maziwa. Anasema yeye anamjua mama yake. Anasema, mtu anakamua ngamia asubuhi, halafu anabandika uso wake kwa kobo la nyama?"

Tukaomba picha ya dume.

Lakini jambo ninalolikumbuka zaidi halikuwa la ngamia. Lilikuwa la maneno. Abayo aliona kwamba juu kabisa ya lebo kulikuwa na nafasi tupu, akasema tuweke bismillahi, maana chakula huanzwa hivyo. Niliona ni wazo zuri. Nilitafuta maandishi ya Kiarabu yaliyopindwa vizuri, nikayaweka kama upinde juu ya ngamia, na nakiri kwamba sijawahi kutengeneza kitu kilichonipendeza namna ile. Tulichapa karatasi nyingi kwa mkupuo mmoja, mpaka wino mweusi ukaanza kufifia.

Ayeyo alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya mlango wake. Abayo alimpa lebo moja. Yule mama mzee aliitazama kwa muda, akaibusu, akaiweka kwenye paji la uso. Nikafurahi. Kisha akaniita. Kiswahili hakukijua isipokuwa maneno machache, kwa hiyo aliongea na binti yake akatafsiri, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

"Anauliza, kobo likiisha, linaenda wabi?"

"Linatupwa," nikasema.

"Wabi?"

Nikaonyesha upande wa barabara. Si mbali na geti letu kulikuwa na rundo la taka la mtaa, na tulipokuwa tumekaa pale tuliwaona mbuzi wamepanda juu yake, mmoja anatafuna katoni, na yule ndege mkubwa mwenye kipara amesimama kando akingoja zamu yake.

Ayeyo alitazama mbuzi, akatazama lebo iliyokuwa mkononi mwake. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyemwona mtoto amesimama karibu na moto, anaita taratibu asije akamshtua.

Abayo akaanza kukusanya zile karatasi, zote, na hata vipande vilivyoanguka tulipokuwa tunakata. Nilimsaidia. Alipotia moto kwenye jiko la makaa sikuuliza. Karatasi zenye jina la Mungu hazitupwi. Huchomwa kwa heshima, au huzikwa mahali pasipokanyagwa. Tulizitia moja moja. Zile za stika ziliungua vibaya, zikajikunja na kutoa moshi wenye harufu ya plastiki, na ayeyo akawa anasoma kitu kwa midomo tu. Majivu abayo aliyafunga kwenye kitambaa, na asubuhi akayapeleka mtoni.

Nilirudi chumbani nikakaa mbele ya kompyuta nikiitazama ile nafasi tupu. Mimi ni mtoto wa kanisa. Nyumbani kwetu kulikuwa na kalenda za ukutani zenye aya za Biblia, na mwaka ulipoisha tulifunikia nazo vitabu vya shule, na vitabu vilipoisha zikawa za kuwashia moto. Hakuna aliyeona ubaya. Sikuwa nimewahi kujiuliza neno linaenda wapi baada ya kusomwa. Mwalimu mzima wa lugha, ninachapa karatasi kila wiki, na sikuwa nimefuata hata moja mpaka mwisho wa safari yake.

Basi tukabaki na swali la jina. Nyirinyiri ya nani? Nilipendekeza jina la abayo mwenyewe. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza. Alisema jina lake lina jina la babake ndani, na la babu yake, nalo pia hataki mbuzi walile. Nikapendekeza la ukoo. Hilo akasema ni baya zaidi, kwa maana wasio wa ukoo huo hawatanunua, na walio wa ukoo huo watataka bure. Tulicheka, lakini tulikuwa tumekwama. Alienda kumuuliza mama yake.

Akarudi na jibu. "Anasema andika Ijara."

"Na Ijara haitatupwa pamoja na kopo?"

Abayo akapaza sauti kumuuliza. Sauti ya ayeyo ikatoka ndani, kavu, bila kufikiri.

"Anasema Ijara tumeikanyaga miaka yote na haijalalamika."

Hivyo ndivyo Nyirinyiri ya Ijara ilivyopata jina. Dume la ngamia juu, jina katikati, nambari ya simu chini. Makopo ya harusi yalikwenda Eastleigh na kufika kwa wenyewe. Wageni wa harusi waliondoka na nambari, na maombi yakaanza kuja kutoka kwa watu tusiowajua.

Tulipojaribu madukani tuligonga ukuta. Mwenye duka mmoja mkubwa alizipokea lebo kwa vidole viwili akauliza, "Tarehe ya kuharibika iko wapi?"

"Haiharibiki," abayo akamwambia.

"Kila kitu kinaharibika, mama."

"Bado hujakula yangu."

Yule bwana alicheka, lakini hakuwa na makosa. Sheria ilitaka tarehe, uzito, viungo, kibali cha afya na alama ya ubora ya serikali, na alama hiyo haichapwi kwenye printa ya nyumbani hata ukiwa na wino wa rangi zote. Tuliongeza tarehe na viungo. Yaliyobaki tuliyaacha kwanza, na makopo yakaendelea kwenda kwa njia yake ya zamani, kutoka mkono hadi mkono na kwa basi.

Alasiri moja nilikuwa nikichapa peke yangu, abayo akiwa sokoni, ayeyo akaingia. Hakuwahi kuingia chumbani kwangu. Alishika fremu ya mlango, akavua viatu ingawa nilimwambia asivue, akaketi kwenye kiti cha binti yake. Tulitazama printa ikitoa karatasi. Kisha akajigusa kifuani akasema jina lake, jina lake lenyewe ambalo sikuwa nimewahi kulisikia, la babake na la babu yake. Akaelekeza kidole kwenye kompyuta.

Niliandika kama nilivyosikia. Nilimsomea, akanisahihisha mahali pamoja, nikarekebisha. Nilichapa kwenye karatasi ya stika, herufi kubwa, bila ngamia, bila mstari. Ilipotoka ilikuwa bado na joto kidogo. Aliishika kwa mikono miwili. Akapitisha kidole chini ya herufi ya kwanza, akanitazama.

"Hapa ndipo unapoanza," nikamwambia kwa Kiswahili, kisha nikakumbuka, nikalisema jina lake polepole huku nikifuata herufi kwa kalamu. Akalisema pamoja nami. Tulipofika mwisho, kidole chake kilirudi mwanzoni, tukasema tena.

Nilidhani angeikunja na kuificha. Alinishika mkono akanivusha ua mpaka chumbani kwake. Kulikuwa na sanduku la chuma, la kijani, lenye kufuli, ambalo abayo aliwahi kuniambia mama yake alitoka nalo Ijara mwaka ngamia wengi walipokufa kwa ukame. Ayeyo alifuta vumbi kwenye mfuniko kwa upindo wa nguo yake, akaniachia mimi nibandike. Nilibandika sawasawa, nikakimbilia selotepu, nikaifunika. Aligonga juu yake kwa kifundo cha kidole, akasema neno moja la Kiswahili katika machache aliyoyajua: "Haitoki."

Abayo aliporudi akaliona lile jina, alisimama mlangoni na kikapu mkononi. Baadaye, tukikata lebo, akasema tu, "Mama yangu hajawahi kuwa na kitambulisho mpaka akiwa mzee. Na hicho wamekosea jina."

Ayeyo alifariki mwezi wa Aprili, shule zikiwa zimefungwa nami nikiwa Tharaka. Walimzika siku ile ile, kabla hata sijafika kituo cha basi. Niliporudi nilikuta ua umejaa wanawake, nikakaa nao kwenye mikeka bila kujua la kusema zaidi ya lile wanalosema wote, kwamba sote ni wa Mungu na kwake tutarejea. Lebo hatukuchapa. Maombi ya nyirinyiri yalikuja, na abayo aliyajibu kwa sauti ya chini akisema bado.

Binti yake alimaliza chuo mwaka huo, akarudi. Yeye ndiye aliyekwenda afisi za kaunti akapata kibali cha afya, akajaza fomu nyingine zote, na akatengeneza lebo mpya kwa simu yake. Zilichapwa Nairobi kwenye mtambo mkubwa, zikaja zimeviringishwa kama utepe, zinang'aa, hazihitaji selotepu.

"Habaryar," aliniambia, yaani mama mdogo, "usinione nimekudharau."

Nilimwambia ni nzuri, na kweli zilikuwa nzuri. Jina alilibakisha. Lakini siku za kwanza niliporudi nyumbani jioni na kukuta kiti cha pili mbele ya kompyuta hakina mtu, nilikisogeza ukutani, kisha nikakirudisha. Nilikuwa nimechukulia kwamba tunatengeneza lebo. Sikujua ni kiasi gani nilikuwa nikiwangojea watu hawa wavuke ua.

Mwisho wa likizo iliyofuata nilikuja na dumu la asali. Mama yangu ana mizinga kule kwetu, ya magogo, juu ya migunga, na amezoea kuuza asali yake kwenye chupa zozote atakazookota. Nilimpelekea abayo chupa moja. Aliitia kidole, akafumba macho.

"Hii ni ya mama yako?"

"Ndiyo."

"Na unaificha kwa dumu." Alikuwa ameanza tena kuongea kwa sauti yake ya kawaida. "Leta ile kitu yako ya kulia."

Akavuta kiti chake. Nikafungua ukurasa mtupu. Tulipanga duara, nikatafuta picha ya mzinga, akauliza ni wa nani, nikampigia mume wangu akapige picha mizinga ya mama. Kisha tukafika kwenye jina, nami nikasita kama mtu aliyekwisha kufundishwa. Nilimpigia mama, nikaweka simu mezani ili abayo asikie, ingawa tulizungumza Kitharaka nami nikawa natafsiri. Nilimweleza mama yote: chupa hutupwa, mbuzi hula karatasi, labda tuandike tu jina la kijiji.

"Mimi ndiye ninayepanda huo mti," mama akasema. "Nyuki wananiuma mimi. Niandike mimi. Majina yote mawili."

"Na likitupwa?"

"Likitupwa, si litakuwa limekwisha kusomwa?"

Nilimtafsiria abayo. Akasogea mbele, akachukua kipanya kutoka mkononi mwangu na kuanza kuongeza ukubwa wa herufi.

"Muulize," alisema, "anataka kubwa namna gani?"